Nilipita ndani ya kitunguu, mbona meneja anaonekana kunijua?

Mchango wa 1 | Mpakuzi_wa_Tudor | Jumanne, saa 3:12 usiku

Assalamu alaykum wanabaraza. Nafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, ya watu kumi na tano, ambayo sitaitaja. Kwa miezi mitano sasa tunakaa kazini hadi saa mbili za usiku meli zinapochelewa, wala hatulipwi saa za ziada. Juma lililopita nilichoka kunung'unika pembeni. Nikaweka kivinjari cha Tor, kile cha kutumia intaneti bila kujulikana, nikafungua anwani mpya ya barua pepe isiyokuwa na jina langu, nikawaandikia wenye kampuni, ambao wanakaa ng'ambo, barua ya kurasa mbili. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jana, katika mkutano wa asubuhi, meneja wetu alizungumzia nidhamu, akanyamaza kidogo, kisha akasema huku akinitazama: "Siku hizi kuna watu wanapenda vitunguu sana." Wenzangu wakacheka bila kujua wanachekea nini. Mimi jasho lilinitoka.

Kila nilikosoma naambiwa kwamba mtandao huu wa Tor unapitisha ujumbe katika kompyuta tatu zilizoko nchi mbalimbali, ukiwa umefungwa tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, wala hakuna awezaye kujua ulikotoka. Basi nauliza: ama hayo ni maneno ya kututuliza, ama kuna mahali nilipokosea. Ni wapi?

Mchango wa 2 | Kahawa_Chungu | Jumanne, saa 3:20 usiku

Hukukosea popote isipokuwa kuamini. Tor ilitengenezwa na jeshi la majini la Marekani. Umekwenda kujificha mvua kisimani.

Mchango wa 3 | Mwalimu_Kisauni | Jumanne, saa 3:58 usiku

Ndugu Kahawa_Chungu amesema nusu ya kweli. Wazo la kupitisha ujumbe kwa njia ya kitunguu lilizaliwa katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani katikati ya miaka ya 1990, na waliolianzisha ni Paul Syverson, Michael Reed na David Goldschlag. Tor yenyewe ilikuja baadaye, mwaka 2002, kwa kazi ya Syverson pamoja na Roger Dingledine na Nick Mathewson, na shirika lisilo la faida linaloisimamia liliundwa mwaka 2006. Fedha za serikali ya Marekani zimeingia humo kwa miaka mingi, na hilo halijafichwa. Hata hivyo msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, na vituo vyake, yaani zile kompyuta zinazopitisha ujumbe, ambavyo ni maelfu kadhaa, vinaendeshwa na watu wa kujitolea na taasisi za nchi nyingi.

Ajabu ni sababu ya wanamaji kuugawa bure. Mtandao unaotumiwa na wanamaji peke yao haumfichi mwanamaji, kwa kuwa kila atokaye humo anajulikana ni mwanamaji. Walihitaji umati: waandishi wa habari, wanafunzi, wafanyabiashara, hata wahalifu. Naomba Mpakuzi alikumbuke neno hilo "umati", kwani huenda ndipo penye shida yake.

Kuhusu jinsi unavyofanya kazi, chukua mfano wa bahasha. Nataka barua ifike Lamu bila mtu yeyote njiani kujua kwamba mimi ndiye niliyemwandikia mtu wa Lamu. Naitia katika bahasha tatu, moja ndani ya nyingine, kila moja ikiwa na kufuli lake. Mtu wa Makupa anafungua ya nje na kukuta imeandikwa "mpe wa Kongowea". Wa Kongowea anafungua ya pili na kukuta "mpe wa Mtwapa". Wa Mtwapa anafungua ya mwisho na kuipeleka Lamu. Wa Makupa ananijua mimi, lakini hajui barua inakwenda wapi. Wa Mtwapa anajua inakokwenda, lakini hanijui. Wa katikati hajui mwanzo wala mwisho. Isitoshe, watu hao watatu nimewachagua mimi mwenyewe, na hubadilika kila baada ya dakika kumi.

Mchango wa 4 | Fundi_Simu_Marikiti | Jumanne, saa 4:05 usiku

Maelezo mazuri, Mwalimu. Swali langu kwa Mpakuzi ni moja tu: ulitumia intaneti ya wapi?

Mchango wa 5 | Mpakuzi_wa_Tudor | Jumanne, saa 4:11 usiku

Waifai ya ofisi, wakati wa chakula cha mchana, wenzangu walipokwenda kuswali. Kompyuta pia ni ya ofisi. Lakini si kila kitu kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, kama alivyoeleza Mwalimu?

Mchango wa 6 | Kahawa_Chungu | Jumanne, saa 4:13 usiku

Laa ilaha illallah. Yakhe, umevaa barakoa, kisha umetokea mlango wa mbele wa nyumba yako mwenyewe, majirani wote wako barazani.

Mchango wa 7 | Fundi_Simu_Marikiti | Jumanne, saa 4:30 usiku

Kahawa_Chungu ametania, lakini mfano wake umelenga. Desemba 2013, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard alituma barua pepe za kutishia mabomu ili mtihani uahirishwe. Alipitia Tor na kutumia huduma ya barua pepe ya muda, kwa hiyo barua zenyewe hazikuonyesha zilikotoka. Wapelelezi hawakuhangaika kuvunja kufuli lolote. Waliona barua zimepitia Tor, wakaangalia ni nani waliokuwa wameunganika na Tor kupitia waifai ya chuo saa zile, wakamfikia. Walipomhoji, akakiri mwenyewe. Tor ilificha kile alichofanya. Haikuficha kwamba anaitumia. Katika ofisi yenye watu kumi na tano, umati anaousema Mwalimu katika mchango wa 3 ni wewe na kivuli chako.

Mchango wa 8 | Mtunza_Ruta | Jumatano, saa 1:40 asubuhi

Sabalkheri. Natunza mitandao ya ofisi kadhaa za mjini, basi naomba niongeze na pia nipinge.

Ruta ya ofisi, yaani kile kifaa kinachogawa intaneti, haioni barua yako, lakini inaona anwani ya IP, yaani namba ya utambulisho mtandaoni, ya kituo cha kwanza ulichounganika nacho, na orodha ya vituo hivyo si siri. Seva chache zinazoaminiwa na mtandao wenyewe huitangaza orodha hiyo upya kila saa, ili kila kivinjari kijue kichague wapi. Yeyote mwenye kumbukumbu za ruta anaweza kulinganisha. Kwa sababu hiyo yakawekwa yale yanayoitwa madaraja, yaani vituo vya kuingilia ambavyo havimo katika orodha ya wazi, na njia kama Snowflake, inayopita katika vivinjari vya watu wa kujitolea ili safari yako ifanane na mazungumzo ya kawaida ya video.

Hapo ndipo ninapopinga dhana ya Fundi. Katika kazi yangu sijawahi kumwona meneja wa ofisi ndogo aliyefungua kumbukumbu za ruta, sembuse kuzilinganisha na orodha ya vituo. Wengi hata neno la siri la ruta hawalijui. Limebandikwa nyuma yake kwa karatasi. Mimi ningeitilia shaka kompyuta. Ikiwa ni mali ya ofisi na imewekwa programu ya usimamizi, msimamizi anaweza kuona orodha ya programu zilizowekwa, na pengine hata kioo chenyewe. Bahasha tatu hazina maana ikiwa mtu amesimama nyuma yako unapoandika barua.

Mchango wa 9 | Mwana_Nyaya | Jumatano, saa 3:25 asubuhi

Nimewahi kufanya kazi ya nyaya za baharini, na kuna sentensi mbili katika uzi huu ambazo haziwezi kuachwa zipite.

Ya kwanza ni ya Mwalimu, kwamba watu watatu hubadilika kila baada ya dakika kumi. Wawili wa mwisho hubadilika, tena kwa miunganiko mipya tu. Wa kwanza hukaa nawe kwa miezi. Imefanywa hivyo makusudi. Kama ungebadilisha mtu wa Makupa kila mara, ipo siku ungemwangukia jasusi, na siku hiyo hiyo huenda wa Mtwapa naye awe mwenzake. Ukishikamana na mmoja, ama una bahati kwa muda mrefu ama huna, lakini huchezi kamari upya kila siku.

Ya pili ni ya Mpakuzi, kwamba hakuna awezaye kujua. Waliotengeneza Tor hawakuahidi hivyo. Katika andiko lao la mwaka 2004 walisema wazi kwamba mfumo wao haujengwi kumshinda mtu anayeuona mtandao mzima, au anayeziona ncha zote mbili kwa wakati mmoja. Fikiria mimi niko juu ya daraja la Nyali, na mwenzangu yuko mlangoni kwa mtu wa Lamu. Hatuwezi kufungua bahasha yoyote. Lakini naona Mpakuzi ametuma bahasha saba saa 7:04, akapumzika, akatuma tatu saa 7:06. Mwenzangu anaona saba zikifika, kisha kimya, kisha tatu. Yakijirudia hayo mara kadhaa, hatuhitaji kusoma herufi hata moja. Tor hukata ujumbe katika vipande vya ukubwa mmoja, ambavyo katika muundo wa awali vilikuwa vya baiti 512, ili umbo la bahasha lisiseme kitu. Lakini mpigo wa safari haiufichi.

Mtu atauliza, kwa nini basi vituo visicheleweshe bahasha na kuzichanganya? Wazo hilo ni kongwe kuliko Tor. David Chaum aliliandika mwaka 1981. Vituo vyake vilikusanya barua nyingi, vikazichanganya, kisha vikazitoa kwa mpangilio mwingine. Kwa barua inafaa, kwa kuwa barua inaweza kungoja hadi kesho. Kwa anayetaka kufungua ukurasa wa habari haifai, maana hatavumilia hata dakika moja. Tor ilichagua mwendo, na mwendo una bei yake.

Nasema haya nikiwa Mombasa, ambako nyaya za TEAMS na SEACOM ziliwasili mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na ambako sehemu kubwa ya intaneti ya Kenya hushuka baharini. Mwenye kutazama katika milango hiyo anaona ncha yetu vizuri. Hata hivyo sioni meneja wa ofisi ya forodha akiwa na uwezo huo. Kwa hiyo nimeeleza ukomo wa Tor bila kumsaidia Mpakuzi, na namwomba radhi.

Mchango wa 10 | Mama_Rayan | Jumatano, saa 7:50 mchana

Nashukuru kwa somo, Mwana_Nyaya, ingawa nimelazimika kulisoma mara mbili. Mimi si mtaalamu. Nilianza kutumia Tor kwenye simu nilipokuwa natafuta habari za ugonjwa fulani ambao sikutaka watu wa nyumbani waujue kabla sijapata majibu ya hospitali, kwa kuwa simu yetu hushikwa na watoto na wageni. Kivinjari chenyewe hakikubakisha kumbukumbu. Lakini nilikuwa nimepakua kijitabu cha maelezo ili nikisome kwenye feri, ambako mtandao hukatika, na kijitabu kikabaki katika faili za simu kwa jina lake kamili. Wifi yangu alipotafuta picha za harusi, akakikuta. Sikumlaumu mtu wa Makupa wala wa Mtwapa.

Je, Mpakuzi, ile barua uliiandika wapi kabla ya kuituma?

Mchango wa 11 | Mpakuzi_wa_Tudor | Jumatano, saa 8:15 mchana

Pole, Bi Mama_Rayan. Niliiandika katika Word kwa kutumia karatasi ya mfano ya ofisi, nikafuta nembo, nikaigeuza kuwa PDF. Nikaambatanisha na picha ya daftari la mahudhurio niliyoipiga kwa simu yangu. Sikuyataja hayo mwanzoni kwa kuwa nilidhani swali ni la mtandao.

Mchango wa 12 | Fundi_Simu_Marikiti | Jumatano, saa 8:31 mchana

Subhanallah. Kila ukirudi unakuja na jipya.

Faili la Word huwa na jina la mwandishi ndani yake, lile lililoandikwa programu ilipowekwa, na mara nyingi jina hilo huhamia katika PDF. Picha ya simu hubeba aina ya simu, saa, na pengine hata mahali ilipopigwa. Desemba 2012, John McAfee, yule mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, alikuwa mafichoni baada ya kukimbia Belize. Jarida moja likachapisha picha yake, na ndani ya faili la picha mkawa na kipimo cha mahali kilichoonyesha kwamba yuko Guatemala. Tor hubeba faili kama ilivyo. Haifungui mfuko wako ili ikuondolee kitambulisho.

Mchango wa 13 | Kahawa_Chungu | Jumatano, saa 9:02 alasiri

Kwa nini mhangaike na vituo vitatu? Mimi nanunua VPN, huduma inayopitisha intaneti yangu katika kompyuta ya nchi nyingine, nabonyeza mara moja, nipo Uholanzi. Novemba 2023 Telegram ilipokwama huku nchini wakati wa mitihani ya kidato cha nne, wenye VPN tuliendelea kama kawaida. Ndugu zetu wa Tanzania ndio wa kuhurumiwa, kwani Oktoba mwaka huo huo mamlaka yao ya mawasiliano ilitaka watumiaji wa VPN wajitambulishe.

Mchango wa 14 | Mwalimu_Kisauni | Jumatano, saa 9:40 alasiri

Kwanza, nakubali masahihisho ya Mwana_Nyaya katika mchango wa 9.

Ama VPN, ni kumkabidhi mtu mmoja bahasha yenye jina lako na jina la unayemwandikia. Anayajua yote mawili, na wewe umebaki kumwombea asiseme. Mfini mmoja, Johan Helsingius, aliendesha katika miaka ya 1990 huduma ya bure ya kutuma barua pepe bila jina iliyoitwa anon.penet.fi. Alikuwa mwaminifu, lakini alikuwa na orodha. Mwaka 1995 polisi walimjia kwa malalamiko ya kanisa la Scientology, akalazimika kumtaja mtumiaji mmoja, na mwaka 1996 akaifunga huduma. Uaminifu wake haukutosha, kwa sababu kitu cha kulazimishwa kukitoa kilikuwepo. Kugawa siri kwa watu watatu kulikusudiwa kumwondoa mtu wa aina hiyo.

Mchango wa 15 | Mtunza_Ruta | Jumatano, saa 2:10 usiku

Sawa, Mwalimu, lakini mtu wa Mtwapa naye hajasemwa ipasavyo. Yeye ndiye anayefungua bahasha ya mwisho, na kama barua iliyomo haina kufuli lake mwenyewe, anaisoma. Mwaka 2007 Dan Egerstad, Mswidi, aliendesha vituo vya kutokea na kunasa maneno ya siri ya barua pepe za balozi na ofisi za serikali, akachapisha takriban 100. Wenyewe walidhani Tor imewafungia kila kitu. Siku hizi tovuti nyingi hutumia HTTPS, yaani huifunga barua kwa kufuli lake mwenyewe, kwa hiyo hatari hiyo imepungua sana, na anwani za ndani zinazoishia kwa .onion, kama ile ya BBC iliyofunguliwa mwaka 2019, hazipiti kabisa katika kituo cha kutokea.

Mpakuzi, huduma uliyoitumia ilikuwa na HTTPS?

Mchango wa 16 | Mpakuzi_wa_Tudor | Jumatano, saa 2:22 usiku

Ilikuwa nayo, niliangalia ile alama ya kufuli.

Mchango wa 17 | Mpenda_Insha | Jumatano, saa 2:45 usiku

Mmejadili waya, ruta na faili, na hakuna aliyeigusa lugha. Msomeni tena Mpakuzi: "wala hatulipwi", "wala hakuna awezaye", "ama hayo ni maneno ya kututuliza, ama kuna mahali nilipokosea". Katika ofisi ya watu kumi na tano wanaoandikiana Kiswahili cha simu, mtu wa namna hii yuko mmoja. Barua ya kurasa mbili ni saini tosha, na hakuna kituo kinachobadilisha mwandiko wa fikra.

Mchango wa 18 | Mpakuzi_wa_Tudor | Jumatano, saa 2:51 usiku

Barua niliiandika kwa Kiingereza.

Mchango wa 19 | Mpenda_Insha | Jumatano, saa 2:53 usiku

Basi huenda kuna "neither" kila mstari.

Mchango wa 20 | Mama_Rayan | Jumatano, saa 3:30 usiku

Samahanini, nitauliza swali la mpishi. Mna hakika gani kwamba meneja alikuwa akizungumzia Tor? Mtu asiyejua neno la siri la ruta atajuaje kwamba mtandao huo unaitwa wa kitunguu? Ofisi yenu inatoa mizigo bandarini. Je, hamkuwa na mzigo wowote wa vitunguu juma lile?

Mchango wa 21 | Mpakuzi_wa_Tudor | Jumatano, saa 3:48 usiku

Bi Mama_Rayan, nimelisoma swali lako nikaweka kikombe chini. Lilikuwepo kontena moja la vitunguu ambalo hati zake zilichelewa, na mzigo ukaanza kuoza. Hati zilikuwa mezani kwangu.

Mchango wa 22 | Kahawa_Chungu | Jumatano, saa 3:49 usiku

Michango ishirini, Harvard, Guatemala, nyaya za baharini, kumbe kitunguu ni kitunguu. Nakwenda kulala.

Mchango wa 23 | Fundi_Simu_Marikiti | Jumatano, saa 4:15 usiku

Usilale mapema. Mtu ambaye mzigo wake umeoza hasemi kwamba watu "wanapenda" vitunguu, husema wanavichelewesha. Nami bado naishikilia PDF. Wenye kampuni walioko ng'ambo wangeirudisha kwa meneja na kumwuliza, "Huyu ni nani?", naye angefungua sifa za faili kwa kubonyeza mara mbili, bila ruta wala utaalamu wowote. Mpakuzi, fungua nakala yako uangalie jina lililomo.

Mchango wa 24 | Mwana_Nyaya | Alhamisi, saa 12:50 asubuhi

Aifungue nyumbani, si kwenye kompyuta ile ile. Na akihojiwa akumbuke kwamba yule wa Harvard alikiri. Kumbukumbu za waifai pekee zilionyesha tu kwamba alikuwa mmoja wa waliotumia Tor.

Mchango wa 25 | Mpakuzi_wa_Tudor | Alhamisi, saa 1:30 usiku

Ahsanteni nyote. Nimeifungua nakala kwa kompyuta ya shemeji yangu. Mahali pa mwandishi pameandikwa jina la karani aliyeacha kazi miaka miwili iliyopita, aliyekuwa na kompyuta hiyo kabla yangu. Sijui kama nifurahi au nimwonee huruma. Picha ya daftari kweli ina aina ya simu, na simu ya aina hiyo tunayo watu wanne.

Leo saa tisa meneja amekuja mezani kwangu na faili jipya. Amesema kuna kontena jingine la vitunguu linaloingia Jumamosi, na kwamba amenipa mimi kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu wa vitunguu. Alikuwa akitabasamu.

Mchango wa 26 | Mtunza_Ruta | Alhamisi, saa 1:34 usiku

Hakikisha kwanza kwamba kontena hilo lipo.